Zizi la Kasuku

Je, mume wangu aliwatoa wale madume kwa ujinga wa dhati, au alikuwa akijaribia kwa ndege jambo ambalo hakuwa na ujasiri wa kulitamka mbele yangu? Nimejiuliza swali hili nikipepeta mchele, nikisimamia mitihani, nikiwa kanisani wakati wa mahubiri marefu, na hadi leo sina jibu. Yeye mwenyewe sijamuuliza, kwa maana si desturi yangu kuuliza swali ambalo jibu lake lolote litanidhalilisha. Akisema ulikuwa ujinga, basi niliolewa na mjinga. Akikiri lile la pili, niliolewa na mwoga. Kwa umri huu, na kwa shahada niliyoisotea, ningependa kuamini kwamba niliolewa na mtu wa aina ya tatu.

Ndege wenyewe walikuwa kasuku wadogo wa Australia, wale wa kijani, njano na samawati, ambao mtu mzima anaweza kumfunika mmoja kwa kiganja. Mume wangu aliwaona mara ya kwanza kwenye mapokezi ya hoteli moja jijini Mwanza, alikokwenda kwa semina ya kazi, na akarudi Bariadi na boksi lenye matundu mapajani na uso wa mtu aliyetoka kubatizwa. Alikuwa mgonjwa wa karibuni tu. Maradhi ya kufuga ndege wa mapambo yalikuwa yamekwisha kuwaingia watumishi wengi wa mji wetu. Kabla yake yalikuwapo maradhi ya kware, na kabla ya kware yalikuwapo ya sungura, na kila maradhi yalipopona yaliacha nyuma ya nyumba banda tupu la kuwekea baiskeli mbovu.

Niliwatazama watu hawa kwa dharau, na siioni sababu ya kuificha. Wengi wao ni watoto wa wafugaji. Walisomeshwa kwa ng'ombe, wakapata vyeti, wakaanza kuchomekea mashati na kutamka neno “kijijini” kama mtu anavyotaja ugonjwa alioponea chupuchupu. Lakini mweke mmoja wao jioni mbele ya kiumbe chochote kilichofungiwa, hata kiwe kifaranga, uone. Mgongo unanyooka, mikono inakwenda nyuma, kichwa kinainama upande mmoja. Shati limechomekewa vilevile, ila mwenyewe amekwisha kurudi zizini.

Banda la mume wangu lilijengwa nyuma ya jiko, mahali palipokuwa na matuta yangu ya mchicha. Nguzo zilikuwa za mkaratusi, wavu ulikuwa wa matundu madogo, na nusu ya paa iliezekwa bati ili ndege wasiungue kwa jua. Kwa viota alitumia vibuyu kutoka kwao Lingeka. Kila kibuyu kilitobolewa tundu ubavuni kwa kisu cha moto, kikaning'inizwa kwa waya, na kwa kuwa kibuyu kina kitako cha mviringo, mayai yalikaa pamoja bila kutawanyika. Wazo hilo lilikuwa zuri. Namsifu kwalo kwa sababu sifa nyingine nitakayompa katika habari hii iko mbali, tena sina uhakika nayo.

Walikula uwele na mtama, wakakoleza kwa maganda ya mayai yaliyotwangwa na kwa mchicha ambao sasa nililazimika kuununua sokoni. Wakazaana. Mume wangu alinifundisha kuwatofautisha, akitumia sauti ile ya semina: dume ana ngozi ya samawati juu ya mdomo, penye pua, ya jike ni ya kahawia. Nilijifanya kutosikia, lakini nilisikia, na baada ya muda nilianza kusimama pale na kikombe changu cha chai kabla ya kwenda shuleni, ambako nafundisha historia.

Nilichokiona ni kwamba kila jike alikuwa na dume wake. Jike akilalia mayai, hutoka kwa nadra sana. Dume ndiye humletea chakula mlangoni mwa kibuyu, akimtapikia mdomoni nafaka aliyokwisha kuilainisha kooni mwake. Si tendo la kupendeza mtu anayekunywa chai. Hata hivyo lina uaminifu kuliko mambo mengi niliyoyashuhudia kwa watu waliovishana pete mbele ya madhabahu.

Mambo yangeendelea hivyo kama shemeji yangu asingekuja. Shemeji huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu, mtu wa Lingeka, mwenye ng'ombe wengi, pamba ya wastani na wake watatu. Hushuka mjini kununua dawa za mifugo, na akifika hufikia kwetu, jambo ambalo ni haki yake na ambalo sijawahi kulinung'unikia kwa sauti.

“Mwangaluka, shemeji,” alinisalimu asubuhi hiyo kwa Kisukuma.

“Mwangaluka. Mhola?”

“Mhola duhu. Yuko wapi mchungaji wa mbayuwayu?”

Mume wangu alikuwa bandani. Shemeji akamfuata, nami nikafuata nyuma, kwani nilijua kutakuwa na mzaha na sikutaka kuusikia kwa kusimuliwa. Alisimama mbele ya wavu, akaelezwa habari za pua za samawati na pua za kahawia, akatazama kwa muda, kisha akacheka mpaka akashika nguzo.

“Mdogo wangu, hili ni zizi au mkutano wa hadhara? Madume sawa na majike?”

“Ndivyo wanavyoishi, kaka.”

“Wanaishi hivyo kwa sababu hawajapata mwenye mali. Baba yetu alikuwa na nzagamba wangapi?”

Nzagamba ni fahali wa zizi. Mume wangu, mtu mwenye ofisi yake na kiti kinachozunguka, akajibu kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. “Mmoja.”

“Na ng'ombe walijaa?”

“Walijaa.”

“Basi. Madume ya ziada ni midomo tu. Yanakula uwele, yanapiga kelele. Acha moja lenye rangi. Mengine toa zawadi, upate jina.”

Nikasema, “Shemeji, hawa si ng'ombe. Kila jike ana dume wake, na ndiye anayemlisha akiwa kiotani.”

“Wewe ni mwalimu wa historia, shemeji. Historia ya zizi umeisomea?”

Mume wangu alicheka. Kisha akanitazama, kisha akaacha kucheka. Mpangilio huo wa mambo matatu ndio ninaourudia hadi leo ninapolitafakari swali langu, kama mtu anayegeuza sarafu akitumaini kuona upande wa tatu.

Jumamosi iliyofuata aliwakamata madume wote isipokuwa mmoja, wa samawati, aliyekuwa mzuri kupita wenzake na kwa kadiri nilivyomwona mpumbavu kupita wenzake pia. Hao wengine akawapeleka kwa mkuu wake wa kazi, ambaye barazani kwake alikuwa na tundu kubwa la chuma lililokosa wa kukaa ndani yake. Zawadi ilipokewa kwa soda na vicheko. Wiki nzima mume wangu alitembea kifua mbele, kama mtu aliyetoa mahari na kubakiwa na chenji. Wenzake wa ofisini walikuja kulitazama banda. Walisimama mbele ya wavu mikono nyuma, wakasema “ufugaji wa kisasa”, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini nyimbo zilikuwa zimekatika.

Kwa taarifa ya wasomaji ambao hawajapata mkosi wa kuwafuga, jike wa kasuku mdogo si kiumbe wa mzaha. Anapotaka kibuyu, anataka kibuyu kile alichokalia mwenzake, hata kama kuna kitupu pembeni. Akiwa na dume wake, tamaa hiyo hutulizwa. Analishwa, anasifiwa, analindwa mlangoni. Akikosa dume, hana kazi nyingine isipokuwa kuwachungulia waliopata. Vita vikaanza. Niliokota chini ya vibuyu mayai yaliyotobolewa, kisha vifaranga wasio na manyoya, wekundu kama kidole kilichoungua, waliodonolewa vichwani. Niliwafunga kwenye gazeti na kuwafukia penye matuta yangu ya zamani.

Mume wangu alitoa maelezo. Vibuyu vimening'inizwa chini mno. Uwele wa mwaka huu una vumbi. Majike hawa ni wa mbegu mbaya. Kila maelezo yalitolewa kwa utulivu wa mtaalamu, na katika yote hayo neno dume halikutajwa. Wala hakujua ukubwa wa hasara, kwa sababu kwao mali haihesabiwi kwa kidole. Huangaliwa kwa jicho tu, isije ikapungua. Kwa hiyo ilikuwa ikipungua mbele ya jicho lake kila jioni, naye akiitazama.

Wiki chache baadaye, msimu wa pamba ulipokwisha, shemeji alikuja tena. Safari hii hakuja kununua dawa, nami nililitambua hilo nilipomwona amevaa koti. Ilikuwa Jumapili. Tulitoka kanisani, nikapika ugali na samaki, nikaweka na michembe aliyotuletea, ile ya viazi vilivyokaushwa. Tukala watatu, maana mabinti zetu wawili walikuwa shule za bweni.

“Naona zizi limekaa sawa,” alisema shemeji baada ya kunawa. “Dume moja, majike tele. Hata ndege wa wazungu wamekubali desturi. Mbishi aliyebaki mjini ni shemeji yangu.”

“Nabisha nini, shemeji?”

“Mabinti zako ni wazuri, wana akili. Wataolewa, tutakula ng'ombe wao. Halafu kaya hii itabaki na jina la nani?”

Nilielewa basi koti lilivaliwa kwa ajili gani. Akaendelea kwa upole, kama daktari anayekuambia sindano haiumi.

“Kuna binti wa watu pale Mwanhuzi. Mchapakazi. Hutamwona hata kumwona, atakaa shamba.”

“Sisi tumefunga ndoa kanisani.”

“Kanisa halijamkataza mtu kuwa na shamba Mwanhuzi.”

Ilikuwa kauli nzuri, na kama ingetolewa juu ya nyumba ya mwingine ningeicheka. Nikamtazama mume wangu. Shemeji naye alimtazama. Hapo palihitajika neno moja fupi, ambalo katika Kisukuma na katika Kiswahili hata mtoto anaanza nalo kabla hajajua kutembea. Mume wangu akafinyanga tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalitafuna mpaka likaisha.

“Tutaona,” akasema.

Nimeishi miongoni mwa watumishi wa ofisi muda wa kutosha kuijua “tutaona”. Ndilo jibu analopewa mkulima anayefuatilia kiwanja chake, na mjane anayefuatilia mafao. Asemaye “tutaona” hajakubali wala hajakataa. Amejitoa tu mahali ambapo lawama inaweza kumfikia. Sikuwahi kudhani nitaletewa jibu hilo mezani kwangu, katika sahani niliyoiosha mwenyewe.

Nilikusanya vyombo nikavipeleka nyuma kuviosha. Jua lilikuwa bado kali, na ndege walikuwa wametulia kwenye kivuli cha bati. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya banda, mikono ikiwa na povu, na kwa mara ya kwanza niliwatazama bila kutaka kumshinda mtu kwa hoja.

Jike wa kijani, yule aliyetoka Mwanza ndani ya boksi, alikuwa na vifaranga. Alitoka kibuyuni kwa haraka, akashukia chombo cha uwele, akaanza kula kama mtu anayeibia. Dume wake alikuwa barazani kwa mkubwa wa ofisi. Kabla hajameza mara ya pili, jike mwingine wa njano aliingia kibuyuni mwake. Kilisikika kilio chembamba, kikakatika. Wa njano alipotoa kichwa nje, mdomo wake ulikuwa na damu.

Na yule nzagamba wetu? Yule wa samawati alikuwa mwisho kabisa wa banda, kwenye mlango wa kibuyu kimoja, akimlisha jike mmoja, yule yule aliyekuwa akimlisha tangu kabla madume wenzake hawajaondolewa. Wengine walipiga kelele na kuumana. Hakugeuza hata shingo. Ndipo nilipoelewa kile ambacho wanaume wawili wenye zizi kichwani hawakukiona. Dume mmoja alikuwa na mke mmoja. Waliobaki walikuwa wajane tu, waliofungiwa pamoja naye.

Niliwaita. Walikuja wote wawili, shemeji akichokonoa meno. Nikawaonyesha kibuyu, nikawaonyesha mdomo wa yule wa njano.

“Jike baya hilo,” alisema shemeji. “Nyonga, utafute jingine.”

“Na hilo jingine litalishwa na nani?”

Mume wangu alikuwa akimtazama yule wa kijani, aliyekuwa amerudi kibuyuni na kutoka, kisha akarudi tena na kutoka, kama mtu aliyesahau kitu ndani asikumbuke ni kitu gani.

“Kesho asubuhi,” nikamwambia, “nakwenda kwa mkuu wako kuwachukua wale madume.”

“Mama watoto, zawadi hairudishwi. Utaniaibisha ofisini.”

“Wewe utaaibika ofisini. Mimi leo nimeaibika mezani kwangu. Tugawane.”

“Utamwambia nini mtu mzima?”

“Kwamba mume wangu alikosea. Au unataka nimwambie kwamba hakukosea?”

Shemeji akakitupa kijiti cha meno, akasema kwa sauti ya chini, bila mzaha sasa, “Na neno la Mwanhuzi, shemeji?”

“Neno la Mwanhuzi ni la huyu aliyesema tutaona. Mimi kauli yangu ni hii. Banda hili likiwa zizi, mimi simo. Madume wakirudi, nami nimo. Kesho atachagua kama atanifungulia mlango au atanizuia.”

Niliingia ndani. Nilipika chakula cha jioni, nikapakua, nikatandika kitanda cha mgeni.

Asubuhi niliomba ruhusa shuleni kwa simu, nikachukua boksi lilelile la Mwanza ambalo mume wangu alikuwa amelihifadhi juu ya kabati kama masalia ya mtakatifu. Nikatoka. Barabarani vilikuwapo vipande vya pamba vilivyodondoka kutoka kwenye malori, vimenasa kwenye miba kila upande, na upepo ulikuwa ukiwapulizia vumbi wauza maandazi.

Mkuu wa kazi alikuwa amekwisha kuondoka. Mke wake alinifungulia geti akiwa na ufagio. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, yenye utangulizi, na sikuitumia hata nusu yake.

“Nimekuja kuomba wale kasuku,” nilisema. “Mume wangu aliwatoa madume wote, na majike wanauana.”

Alinitazama, akalitazama lile tundu la chuma, akatazama ufagio wake.

“Wachukue, mwalimu. Wachukue hata sasa hivi. Maganda ya uwele yanaingia mpaka kwenye chai.”

“Baba akiuliza?”

“Nitamwambia wamefuatwa na wake zao.” Akacheka kidogo, kisha hakucheka. “Wana bahati.”

Tuliwakamata kwa khanga yake, mmoja baada ya mwingine. Waliniuma vidole. Sikuona dalili yoyote ya shukrani, wala sikuitarajia. Ni ndege wenye akili ndogo, na sikwenda kule kwa mapenzi yao.

Niliporudi, shemeji alikuwa ameketi kwenye kigoda changu na bakuli la uji. Mume wangu, ambaye saa hiyo alipaswa kuwa ofisini, alikuwa amesimama kando ya banda akiwa amechomekea shati. Nilikwenda moja kwa moja hadi mlangoni na boksi likikwaruzwa kutoka ndani.

Alilifungua komeo. Akauvuta mlango kiasi cha mtu kupita kwa ubavu, akajisimamisha penye upenyo, mikono ameitanua, ili asitoroke hata mmoja. Labda alikuwa akinifungulia mlango mimi. Labda alikuwa akilinda mali yake tu, kama walivyomfundisha. Nilipita chini ya kwapa lake, nikaweka boksi chini, nikalifunua.

Walitoka mmoja mmoja. Jambo la kwanza walilolifanya ni kula. Jike wa kijani alikuwa juu ya kibuyu chake, amejikunja. Dume wake aliposhiba aliruka juu, akatua karibu naye, akaanza kutikisa kichwa.

“Sasa nzagamba wa humu ni yupi?” aliuliza shemeji kutoka kwenye kigoda.

Nilichukua boksi tupu nikatoka, na mume wangu akafunga komeo.